Nyongo Kupanda Hadi Umioni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Upimaji, kwa Watu Wazima wa Afya na Waliofanyiwa Upasuaji wa Kiungulia

Nyongo inayopanda ni kitu gani, na ina tofauti gani na asidi?

Ini hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Nyongo hiyo humwagwa kwenye duodeni, yaani kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, ili kusaidia kusaga mafuta. Kati ya duodeni na tumbo kuna mlango wa msuli unaoitwa pilorasi. Kati ya tumbo na umio, yaani bomba linaloshusha chakula kutoka kooni, kuna msuli mwingine unaobana. Nyongo ikivuka mlango wa kwanza tu, iko tumboni. Ikivuka yote miwili, imefika umioni.

Shika hilo la milango miwili, maana ndilo linalovuruga watu wengi, wakiwemo wanaoandika ripoti. Asidi huzalishwa tumboni kwenyewe, kwa hiyo inahitaji kuvuka mlango mmoja tu ili ikuunguze kifuani. Nyongo inahitaji kuvuka miwili, na ikifika juu mara nyingi huwa imekwisha kuchanganyika na asidi pamoja na vimeng'enya vya kongosho. Mchanganyiko huo huumiza ngozi ya umio kuliko asidi peke yake.

Je, mtu asiye na ugonjwa wowote naye nyongo humpanda?

Tumboni, ndiyo. Daktari wa jeshi la Marekani William Beaumont, aliyechungulia tumbo la Alexis St. Martin kupitia tundu lililoachwa na jeraha la risasi, alichapisha matokeo yake mwaka 1833 akieleza kwamba nyongo ni nadra kuonekana tumboni katika hali ya kawaida. Vipimo vya saa 24 vya zama zetu vimempinga. Kwa watu wa afya kabisa, nyongo huingia tumboni kwa vipindi, hasa baada ya mlo na usiku, kisha husukumwa kurudi ilikotoka. Tumbo tupu lina mzunguko wake wa kujikamua kila baada ya dakika kama 90 hadi 120, na katika sehemu fulani za mzunguko huo pilorasi hulegea.

Umioni ni habari nyingine. Hapo kwa mtu wa afya nyongo hufika kwa muda mfupi sana, na wengine haiwafiki kabisa siku nzima. Ndiyo maana takwimu ya "kawaida" ya tumbo haifai kutumika kwa umio. Ukisikia mtu anataja asilimia ya muda bila kusema kihisio, yaani ncha ya kifaa inayopima, kilikuwa wapi, muulize kwanza kilikuwa wapi.

Nikipata homa natapika maji machungu ya njano. Ndiyo ugonjwa huu?

Ni nyongo kweli, lakini si ugonjwa huu. Tumbo likishaisha chakula na wewe ukaendelea kutapika, utumbo husukuma kilichomo kuelekea juu, na kilichomo ni nyongo. Malaria, ujauzito, chakula kibovu, pombe ya jana, vyote vitaleta rangi ileile. Zile dawa za kienyeji za "kutoa nyongo", ambazo kazi yake ni kukutapisha mpaka yatoke ya njano, zitamtoa nyongo hata mwanariadha. Anayekuonyesha beseni kama ushahidi wa ugonjwa hajathibitisha lolote.

Ila kuna mawili ya kukimbilia hospitali bila kusubiri: mtoto mchanga anayetapika kijani, kwa sababu huenda utumbo umejisokota, na mtu mzima anayetapika nyongo huku tumbo limevimba, linauma na hapati choo wala ushuzi.

Ripoti yangu ya endoskopi imeandikwa "nyongo imeonekana tumboni". Nina tatizo?

Huenda huna. Kamera hukaa tumboni dakika chache tu, na kule kukokomoa wakati mpira unapita kooni kunaweza kuivuta nyongo wakati huohuo. Dimbwi la njano kwenye picha linaeleza dakika ile, halielezi siku yako nzima.

Nyama ndogo iliyokatwa na kupelekwa maabara inasema zaidi. Mwaka 1986 Michael Dixon na wenzake wa Leeds, Uingereza, walieleza sura ya pekee ya ukuta wa tumbo uliounguzwa na nyongo: vijishimo vya utando vimerefuka na kujipinda, mishipa midogo imetanuka, nyuzi za misuli zimepanda juu, na chembe za uvimbe ni chache kuliko unavyotarajia. Tatizo ni kwamba dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huacha sura inayofanana sana na hiyo. Ukiwa unazimeza kwa mgongo au magoti, mwambie daktari kabla hajaisoma ripoti, la sivyo nyongo itabebeshwa kosa lisilo lake.

Nilipimwa pH kwa saa 24. Si inatosha?

Inatosha kwa asidi. Waya mwembamba hupitishwa puani, kihisio kinakaa sentimita 5 juu ya msuli wa chini wa umio, na kifaa kinarekodi muda ambao pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi (namba ikishuka, asidi ni kali zaidi), imeshuka chini ya 4. Makubaliano ya sasa ya wataalamu ni kwamba chini ya asilimia 4 ya muda ni kawaida, na juu ya asilimia 6 ni ugonjwa wa kucheua asidi. Katikati panahitaji ushahidi mwingine.

Kwa nyongo, zamani madaktari walijaribu njia ya mkato. Walisema nyongo ni ya alkali, basi kila pH inapopanda juu ya 7, nyongo imefika. Hoja ilionekana safi, ila ilikuwa na mashimo. Mate nayo hupandisha pH. Umio wenyewe hutoa bikaboneti. Chakula na meno mabovu yenye usaha navyo huvuruga. Lililo kubwa zaidi ni kwamba nyongo haipandi peke yake. Inapita tumboni kwanza, inachanganyika na asidi, na inafika umioni ikiwa na pH ya 3 au 5. Kwa hiyo kipimo cha pH kinaweza kukaa kimya kabisa huku nyongo inapita mbele yake.

Basi nyongo yenyewe hupimwaje?

Kwa rangi. Nyongo ni ya njano kwa sababu ya bilirubini, na bilirubini hufyonza nuru ya buluu, kilele chake kikiwa karibu na nanomita 450. Paolo Bechi na wenzake wa Florence, Italia, walitumia tabia hiyo kutengeneza mfumo uliokuja kujulikana kama Bilitec 2000, na mapema miaka ya 1990 ulianza kutumika kwa watu waliokuwa wakitembea na kuendelea na shughuli zao.

Kifaa kina uzi wa nuru unaopitishwa puani kama ule wa pH. Kwenye ncha kuna kiwazi kidogo ambamo majimaji ya umio hupita. Nuru ya buluu inapigwa, kisha nuru ya kijani ya nanomita 565 kama kilinganishi, kwa kuwa bilirubini haiijali sana hiyo ya kijani. Tofauti kati ya zile mbili ndiyo kiasi cha ufyonzaji. Kisanduku kinachofungwa kiunoni kinarudia jambo hili kila baada ya sekunde chache, mchana na usiku, nawe unabonyeza kitufe unapokula, unapolala na unaposikia kiungulia.

Kumbuka kwamba kifaa hiki kinapima bilirubini, hakipimi chumvi za nyongo ambazo ndizo zinazoumiza. Mara nyingi viwili hivyo hutembea pamoja, lakini si lazima vilingane kila mara. Tena, pH ikishuka chini ya 3.5 bilirubini hubadilika umbo, na kifaa hupunguza hesabu kwa karibu asilimia 30. Yaani kwa mgonjwa mwenye asidi kali, nyongo halisi ni zaidi ya ile iliyoandikwa kwenye karatasi.

Kwa nini mtu akipimwa anapewa chakula cheupe?

Kwa sababu kifaa hakijui nyongo, kinajua rangi. Karoti, nyanya, mchicha, sukuma wiki, embe, papai, mawese, chai, kahawa, soda ya rangi: vyote vinaweza kufyonza nuru ileile. Manjano ya pilau ni balaa, kwani rangi yake inafyonza karibu kabisa na pale pale ilipo bilirubini. Sahani moja ya biriani inaweza kukupa ugonjwa ambao huna.

Watafiti wa Ulaya na Marekani waliandaa orodha za vyakula vyeupe na vinywaji visivyo na rangi. Kwa jikoni kwetu ningesema: ugali wa sembe, wali mweupe, samaki mweupe wa kuchemsha, nyama ya kuku ya kifuani bila mchuzi wa nyanya, maziwa, viazi vilivyomenywa, maji. Hakina ladha, lakini ni siku moja. Chakula kisiwe na mabonge, kwani mabonge hukwama kwenye kile kiwazi cha kifaa na kusomeka kama nyongo inayoendelea saa nzima.

Namba ya 0.14 ninayoiona kwenye makala ilitoka wapi?

Hata umio usio na nyongo hutoa ufyonzaji kidogo, kutokana na ute na mabaki ya chakula. Ilibidi pachorwe mstari. Watafiti wengi walikubaliana kwamba ufyonzaji ukizidi 0.14, hapo pana nyongo. Wengine waliupandisha hadi 0.2 au zaidi ili kuepuka makosa ya chakula. Ukilinganisha makala mbili, tazama kwanza mstari umewekwa wapi.

Kisha panahesabiwa asilimia ya muda. Katika kundi la watu 20 wa afya waliopimwa Marekani na Vaezi na Richter, kikomo cha juu cha kawaida umioni kilikuwa asilimia 1.8 ya muda wote kwa mstari wa 0.14. Katika saa 24, hiyo ni kama dakika 26. Kwa hiyo hata mtu wa afya anaweza kuwa na dakika kadhaa za nyongo umioni na asiwe mgonjwa. Kundi la watu 20 ni dogo, tena walikula chakula cha kwao, hivyo sioni sababu ya mtu wa asilimia 2.0 kukosa usingizi kwa tofauti ya 0.2.

Lililorudiwa na tafiti nyingi ni mwelekeo: nyongo umioni huongezeka ukitoka kwa watu wa afya, ukaenda kwa wenye kiungulia bila kidonda, kisha wenye vidonda vya umio, na inakuwa nyingi zaidi kwa wenye umio wa Barrett, ambapo utando wa umio umebadilika na kufanana na wa utumbo. Asidi nayo hupanda kwa mpangilio huohuo, jambo linalofanya iwe vigumu kumtenga mkosaji mmoja.

Kuna njia nyingine?

Zipo, na kila moja inajibu swali lake. Skani ya nyuklia hutumia dawa yenye teknitiamu, kitu chenye mionzi kidogo, inayochujwa na ini na kutolewa na nyongo; kamera ya gama inaifuata, na ikionekana tumboni unajua imepanda. Haiumizi, lakini inachungulia saa moja au mbili tu, na ni ya tumbo zaidi kuliko umio. Kuvuta majimaji ya umio kwa mpira mwembamba na kupima chumvi za nyongo maabara ni njia ya kweli kuliko zote, na ni karaha kuliko zote. Imebaki ya watafiti. Impidansi, yaani kipimo cha jinsi umeme unavyopita ndani ya umio, pamoja na pH hutambua kila majimaji yanayopanda, yawe ya asidi au la, ila haisemi kama ni nyongo au ni uji.

Upasuaji wa kuzuia kucheua unafanya nini kwa nyongo?

Upasuaji unaojulikana zaidi ni wa Rudolf Nissen, aliyeuchapisha mwaka 1956 akiwa Basel, Uswisi. Sehemu ya juu ya tumbo inazungushwa nyuma ya umio na kushonwa mbele, ikawa kama kola ya nyuzi 360. Tangu 1991 unafanywa pia kwa matundu madogo na kamera. Toupet ni ndugu yake: kola haifungi mzunguko mzima, ni kama nyuzi 270, na humwacha mgonjwa akimeza na kubeua kwa urahisi zaidi.

Kola hiyo ni kizuizi cha kimwili. Haichagui. Ikishonwa vizuri na ikakaa mahali pake, inazuia asidi, nyongo na maziwa uliyokunywa sasa hivi. Waliopimwa kwa kifaa cha bilirubini kabla na baada ya upasuaji walionyesha nyongo ya umioni ikishuka sana, wengi wao hadi kiwango cha watu wa afya. Hapo ndipo upasuaji unapotofautiana na omeprazoli. Dawa hupunguza asidi na wingi wa majimaji tumboni, na kwa njia hiyo nyongo inayopanda hupungua pia kwa wagonjwa wengi, lakini mlango unabaki wazi. Mtu anaacha kuungua, ila usiku bado maji yanamjia kooni.

Nyongeza kwa wanaosoma tafiti: kulinganisha mtu aliye kwenye dawa na asiye kwenye dawa kuna mtego. Dawa ikipandisha pH, kifaa hakipunguzi tena ile asilimia 30, kwa hiyo nyongo iliyopungua kidogo inaweza kuonekana haijapungua.

Nimefanyiwa Nissen, kiungulia kimekwisha, lakini chembe ya moyo inaungua na nina kichefuchefu. Upasuaji umeharibika?

Si lazima. Kumbuka milango miwili: daktari ameziba wa juu, wa chini haujaguswa. Nyongo iliyokuwa ikiingia tumboni kabla ya upasuaji inaweza kuendelea kuingia, tena sasa haina pa kutokea kwa sababu kubeua na kutapika ni kazi ngumu baada ya kola. Kwa wengine, tumbo humwaga chakula haraka zaidi baada ya upasuaji, na hilo husaidia. Kwa wachache, mshipa wa fahamu wa vagasi huumia wakati wa upasuaji, tumbo linakuwa zito kujikamua na nyongo hukaa ndani muda mrefu.

Ukipimwa umioni hapo utaambiwa uko sawa kabisa, na utaudhika. Kipimo kitakuwa kimesema kweli kuhusu umio. Swali lako ni la tumbo, na linahitaji endoskopi yenye nyama ya maabara, skani ya nyuklia, au kihisio kilichoshushwa mpaka tumboni.

Baada ya upasuaji nipimwe tena hata kama sina dalili?

Vituo vya utafiti hupima kila mtu baada ya miezi michache, uvimbe ukishatulia. Kwa mgonjwa wa kawaida asiye na dalili mimi sioni haja, isipokuwa ana umio wa Barrett, ambaye anapaswa kuendelea na endoskopi za ufuatiliaji hata kama anajisikia mzima.

Mwenye dalili apimwe kabla ya kurudishiwa vidonge. Tafiti za waliofanyiwa upasuaji na kurudi kwenye dawa za asidi zimeonyesha kwamba wengi wao, walipopimwa, umio wao ulikuwa hauna asidi ya kupita kiasi. Walikuwa wakimeza dawa ya ugonjwa waliokwisha kupona, huku chanzo halisi, iwe gesi, nyongo ya tumboni au kola iliyobana mno, hakijaguswa.

Mpimaji asisahau kutafuta upya msuli wa chini wa umio kwa manometria, yaani kipimo cha mgandamizo ndani ya umio, kabla ya kuweka kihisio. Kola hubadilisha vipimo vya ndani, na sentimita zilizoandikwa mwaka juzi hazifai tena.

Je, kuna upasuaji unaoongeza nyongo?

Ndiyo. Kuondoa mfuko wa nyongo huongeza nyongo inayoingia tumboni kwa baadhi ya watu, maana haina tena pa kuhifadhiwa. Upasuaji wa zamani wa vidonda uliokata pilorasi, kama Billroth II, ulijulikana sana kwa hilo. Siku hizi wasiwasi uko kwenye upasuaji wa kupunguza uzito wa kuunga utumbo mara moja, uliobuniwa na Robert Rutledge mwaka 1997, kwa sababu nyongo yote hupita karibu na mfuko mdogo wa tumbo uliobaki. Tatizo likizidi, hurekebishwa kwa kuielekeza nyongo chini, kipande cha utumbo cha kama sentimita 60 kikiwekwa kati yake na tumbo.

Nyongo inaleta saratani ya umio?

Nyongo na asidi vikikaa umioni miaka mingi huhusishwa na umio wa Barrett, nao huongeza hatari ya saratani aina ya adenokasinoma, iliyo nyingi Ulaya na Marekani. Saratani ya umio inayowaua watu Afrika Mashariki kwa wingi, kuanzia Bonde la Ufa la Kenya hadi Malawi, ni ya aina nyingine, ya seli bapa. Hiyo huhusishwa zaidi na tumbaku, pombe na vinywaji vya moto sana. Kiungulia si njia yake kuu. Anayekwama chakula au kukonda aende endoskopi hata kama hajawahi kuungua kifua maishani.

Kuna dawa ya nyongo?

Hakuna ya kuaminika kwa kila mtu. Sukralfati hufunika ukuta wa tumbo. Asidi ya ursodeoksikoli hubadilisha mchanganyiko wa chumvi za nyongo na huwapunguzia wengine kichefuchefu. Baklofeni hupunguza kule kulegea kwa msuli wa chini wa umio, na imeonyeshwa kupunguza nyongo umioni kwa wagonjwa ambao omeprazoli haikuwatosha, ila husinzisha. Limau, siki na asali havizuii pilorasi kufunguka.

Kipimo cha Bilitec nitakipata wapi?

Kwa matumizi ya kila siku, usikitafute. Kifaa hicho hakitengenezwi tena, na kilichobaki ni maarifa yake kwenye makala. Hospitali kubwa zenye kitengo cha mfumo wa chakula zinaweza kukupa endoskopi, na baadhi zina pH au impidansi. Ulizia kwa simu kabla ya kusafiri, maana vihisio vya pH huisha na kuagizwa upya, na uliza pia kama ni lazima uache omeprazoli. Kawaida ni siku 7 kabla, ikiwa lengo ni kujua kama una ugonjwa. Ukiwa umekwisha kuthibitishwa na wanataka kujua kwa nini dawa haikutoshi, huenda ukaambiwa uendelee kuimeza.

Na karatasi ya majibu nikiipata?

Tafuta vitu vinne: kihisio kilikaa wapi, ulikuwa kwenye dawa au la, asilimia ya muda kwa jumla pamoja na ya usiku peke yake, na kama dalili ulizobonyeza ziliendana na kupanda kwa majimaji. Asilimia ndogo yenye dalili zinazolingana inaweza kuwa na maana kuliko kubwa isiyolingana na chochote. Kimoja kikikosekana, rudi umwombe aliyekupima akiandike kwa kalamu pembeni kabla hujaipeleka kwa daktari wa upasuaji.